Simu Kutoka Juu Mtoni

Kilichomkera Wembe si simu yenyewe. Ni namna mkewe alivyokuwa akiipokea: anaacha alichokishika, anajifuta mikono harakaharaka, anatoka mpaka penye ukuta wa uani na kusimama hapo, mkono mmoja kiunoni, kichwa amekilaza upande kama mtu anayeletewa habari njema. Wembe alijua fika kwamba ndani ya nyumba yao mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na kwamba pale ukutani ndipo uliposhika. Yeye mwenyewe alisimama papo hapo kila alipotaka kuongea na mtu. Lakini akisimama yeye, huo ni mtandao. Akisimama mkewe, hilo ni jambo jingine.

"Dada, hamjambo huko?" husikika sauti ya mwanamume kwenye spika ya simu, Kiswahili chake cha kuvutavuta. "Mto umeamkaje?"

"Umeamka salama, umejinyoosha tu kidogo," mkewe hujibu, kisha hucheka.

Anacheka! Mto kujinyoosha, kuna cha kuchekesha hapo?

Wembe alikuwa kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka lake: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wanaosubiri, ambalo nusu ya waliolikalia hawakuwa wakisubiri chochote ila umbea. Jina la Wembe alilipata ujanani kwa ajili ya mkono wake mwepesi, na alilivaa kama nishani. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo mpaka mkewe alipochaguliwa kusoma kipimo cha mto. Mke wakambandika Mama Kipimo. Haikuchukua muda, mume naye akawa Baba Kipimo, na Wembe likabaki kwenye kibao cha mlangoni tu, nalo lilikuwa linabanduka rangi.

Kipimo chenyewe kilikuwa nguzo iliyosimikwa kando ya daraja, ina mistari na namba, na huko juu mstari mwekundu. Waliisimika baada ya mafuriko yaliyobeba nyumba za watu jua likiwaka, maana mvua haikunyesha kwao, ilinyesha ng'ambo ya mpaka, katika nchi mto unakotokea. Wataalamu wa nchi zote mbili, na wengine wa kutoka mbali zaidi, wakakaa wakakubaliana. Mashine za kule juu zipime mvua na kina cha maji, picha za satelaiti ziletwe na nchi nyingine kabisa, mahesabu yafanywe. Na mwisho wa mlolongo huo wote alihitajika mtu mmoja mwenye simu na kipaza sauti. Mkutano wa mtaa ukamchagua mke wa kinyozi: anasoma vizuri, na akianza kusema hanyamazishiki.

Alirudi kutoka mafunzoni na koti la mvua, viatu vya mpira na maneno mapya mdomoni. "Maji hayapangi foleni mpakani," alimwambia mumewe. "Yakipita kituoni kwao, yanachukua nusu siku kufika kwetu. Hiyo nusu siku ndiyo tuliyopewa. Hatuna nyingine."

"Na huyo anayekupigia ndiye mwalimu wenu?"

"Huyo ni mkuu wa kituo cha kule juu. Ndiye atakayeniambia maji yakianza kuja."

Alimtajia na jina. Wembe hakutaka hata kulisikia mara ya pili, na wala hakulihitaji, kwa sababu mtaani walishampa yule bwana jina lao: Wa Juu. Mtu anaingia dukani, hajasalimia vizuri, anauliza, "Baba Kipimo, Wa Juu kasemaje leo?" Mwingine alinyolewa upande mmoja wa kichwa, akakumbuka kwamba anataka kuanua matofali yake kule kingoni, akanyanyuka na kitambaa shingoni. "Ngoja kwanza nikamuulize shemeji." Akaenda uani, akakaa huko mpaka mkono wa Wembe ukachoka kushika mashine hewani.

Mkewe alipomnunulia mashine mpya ya kunyolea kwa posho yake ya kwanza, Wembe alishukuru, akaiweka juu ya kabati, akaendelea na ile kuukuu iliyokuwa ikiwang'ata watu shingo.

"Mwanangu, una kijiba cha roho," mama yake alimwambia. Bibi huyo aliishi nao, miguu imeshamkataa, masikio bado yanachapa kazi.

"Mama, mke wangu anaitwa dada na mwanamume nisiyemjua. Dada kwa tumbo lipi?"

"Kwa tumbo la mto." Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha hakucheka tena. "Ungekuwa unamwonea wivu huyo mwanamume, ningekuelewa. Lakini mimi nakutazama. Wewe unamwonea wivu mkeo."

Wembe akajitia hamnazo, akaanza kuzibua kitana.

Siku mambo yalipoharibika, mkewe aliamka na homa. Alikwenda darajani vivyo hivyo, akasoma kipimo, akatuma namba, akarudi meno yakigongana. Binti yao alikuwa ameshaondoka kwenda shule. Mkewe akajilaza, akamwita kitandani.

"Chukua simu. Nimemeza dawa, nikilala sasa siisikii. Kituo kikipiga, niamshe. Hata kama nimekufa, niamshe."

"Utaamkaje umekufa?"

"Nitaamka. Wewe niite tu."

Akaipokea simu. Ilikuwa bado ina joto la mkono wake. Akaitia mfukoni, akaenda kufungua duka.

Wa kwanza kuingia alikuwa Dalali wa viwanja, mtu wa kunyoa ndevu kila anapotarajia mteja. Nyuma yake akaja Fundi Redio, ambaye hakuwa na nywele za kunyolewa wala haja ya kusubiri. Alikaa kwenye benchi, akafungua redio mapajani, akaanza kuichokonoa na kupiga soga. Wembe alikuwa amempaka Dalali povu usoni, ameshika wembe, ndipo simu ilipoita mfukoni. Akaitoa. Wote wawili wakaona jina la kituo kwenye kioo cha simu.

"Pokea bwana," Fundi Redio akasema, macho yanacheka. "Si shemeji yako huyo?"

"Au tuwapishe muongee?" Dalali akadakia ndani ya povu.

Damu ikampanda Wembe. Akaiweka simu sikioni.

"Dada! Dada, nisikilize vizuri..." Nyuma ya sauti palikuwa na mvumo mkubwa, kama wa kinu cha kusaga.

"Dada yako yuko kwenu. Huku kuna mke wa mtu."

"Samahani. Naongea na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Vizuri, kaka, hata wewe ni sawa. Mwambie maji..."

"Kila siku maji, maji! Huko kwenu hakuna wanawake? Hamna kazi?"

"Kaka, yamepita mstari mwekundu hapa kituoni. Sasa hivi. Mwambie..."

"Ukipiga tena namba hii tutajuana!"

Akakata. Waliokuwa dukani hawakusikia maneno ya upande wa pili. Walichosikia ni kinyozi wao akinguruma. Fundi Redio alipiga paja lake, skrubu zikamwagika sakafuni. "Wembe huyo! Wembe karudi!" Dalali naye akacheka hadi povu likamwingia puani.

Wembe karudi. Hakuwa amelisikia jina lake dukani mwake kwa muda mrefu, na lilimwingia tamu. Simu ikaita tena. Akafanya jambo alilofundishwa na binti yake kwa ajili ya wale watu wa matangazo: akaifungia ile namba isiweze kupiga tena. Kisha akaifuta ile simu kwenye orodha ya zilizoingia, isionekane, kama anavyofagia nywele za mteja kabla hajaingia mwingine.

Utamu ule haukukaa. Dalali alilipa akaondoka, Fundi Redio akaenda kwake kula, wakaja wengine. Wembe akawa ananyoa huku maneno mawili yanamzunguka kichwani: mstari mwekundu. Akajiambia ni kisingizio tu. Mwanamume akiulizwa na mwenye mke atasema nini, kama si kazi? Lakini ule mvumo je? Mtu huweka mvumo wa kisingizio?

Akamkata mteja sikio. Si sana, tone moja la damu, ila mikononi mwake jambo hilo halikuwahi kutokea. Akaomba radhi, akamfunga pamba, akafunga duka na kwenda darajani.

Mto ulikuwa chini, umetulia, mawe yanaonekana. Mbingu haikuwa na wingu. Upande wa pili watu wa bustani walikuwa wakimwagilia mboga zao. Akashusha pumzi, akataka hata kujicheka. Ndipo alipoitazama ile nguzo kwa mara ya kwanza tangu isimikwe; siku zote alikuwa akipita kando yake amegeuza shingo, kama mtu anayempita mdai wake. Mstari mwekundu ulikuwa juu ya kichwa chake. Ilimbidi anyanyue uso kuuona.

Akarudi nyumbani mbio.

Alimkuta mkewe amelala kifudifudi. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Akamtikisa bega.

"Wa Juu amepiga."

Mkewe alikuwa ameketi kabla hajamaliza kulitaja jina. "Anasemaje?"

"Maji yamepita mstari mwekundu kituoni kwao."

"Alipiga lini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Angesema asubuhi, angetukanwa, yangekwisha. Lakini aliwaza na lile swali litakalofuata, aliwaza uso wa mkewe, aliwaza atakavyojieleza, na mdomo ukamtangulia.

"Sasa hivi," akasema.

Mkewe akaichukua simu, akapiga kituoni. Haipatikani. Akapekua. "Mbona siioni simu yake hapa?"

"Labda nimebonyeza vibaya."

Hakuwa na muda wa kubishana naye. Akapiga makao makuu ya utabiri mjini. Kijana aliyepokea alimwambia kwa adabu kwamba taarifa ya mvua kubwa ng'ambo ya mpaka wanayo, imeshaandikwa, inasubiri tu saini ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko kikaoni. Mkewe alikata bila kuaga, akaanza kuvaa viatu vya mpira, akikokotoa kwa sauti kama alivyofundishwa.

"Nusu siku kuanzia sasa. Basi ni usiku. Tuna mchana wote. Tusiwatie watu kiwewe, wakianza kukimbizana wataumizana. Wazee kwanza, halafu watoto, halafu mizigo. Mpaka jua linazama kila mtu awe shuleni kule mlimani." Akamtazama mumewe, macho mekundu ya homa. "Umefanya vizuri kuniamsha."

Neno hilo Wembe alilimeza kama mfupa.

Sauti ya mkewe ikapita mtaani kwenye kipaza sauti, imekauka lakini imetulia: maji yatafika usiku, tupande shuleni, hakuna haja ya kusukumana. Watu wakatii. Hapakuwa na patashika. Walifunga magodoro, waliita kuku, walibishana kuhusu nani abebe nini. Wembe akiwatazama, aliona jinsi wanavyomsikiliza, hata Dalali, hata wazee wasiomsikiliza mtu. Na huwezi kuamini, hapo hapo, huku kosa lake limemkaa shingoni, alihisi ule mchomo wake wa zamani. Yeye angesema, nani angefunga godoro?

"Navuka kwenda kwa watu wa bustani," mkewe akamwambia. "Kule hawasikii. Mpeleke mama juu."

"Na homa hiyo?"

"Homa itanisubiri. Nitarudi nao kabla ya jioni."

Alimwangalia akilikanyaga daraja.

Akambeba mama yake mgongoni. Njiani walipita kibanda cha Fundi Redio. Alikuwa ametandaza redio zake zote mezani, anazifunga moja moja kwenye magazeti, kama mtu anayewavika watoto.

"Fanya haraka," Wembe akamwambia.

"Haraka ya nini? Si kasema usiku?" Akatabasamu. "Hizi si mali yangu, ni za watu. Nikizivunja nitawaambia nini?"

Wembe akapita.

"Mbona moyo wako unadunda hivyo?" mama yake akauliza kutoka mgongoni. "Nakusikia."

"Mlima huu, mama."

"Bado hatujaanza mlima."

Pale shuleni alimkuta binti yao, akamkabidhi bibi yake, akageuka kutazama bonde. Kutoka juu vile mto ulionekana mpaka pale unapopinda mara ya mwisho, mbali. Na kule kwenye kona hiyo, kijani cha mashamba kilikuwa kinafutika. Hapakuwa na kishindo bado. Kitu cha rangi ya udongo kilikuwa kinatandaza mkono juu ya mashamba, polepole, au kwa umbali ule kilionekana polepole.

Wembe alitoka shoti.

"Si usiku! Ni sasa! Pandeni, acheni mizigo, ni sasa!" Waliomwona akiteremka walidhani amerukwa na akili, lakini uso wake uliwatosha, wakaacha magodoro njiani, wakapanda. Alifika kibandani kwa Fundi Redio, akapiga dirisha kwa kiganja. "Toka! Toka nje!"

"Nakuja, nakuja. Hii moja tu."

Angeweza kuingia, akamkamata mkono. Lakini mbele yake lilikuwa daraja, na ng'ambo ya daraja alikuwa mkewe. Akakimbia.

Watu wa bustani walikuwa wanashuka na mafurushi yao kuja kuvuka, mkewe mbele yao na koti lake la mvua katika jua kali. Wembe akasimama kwenye kichwa cha daraja, akapunga mikono yote miwili.

"Rudi! Usivuke!"

Mkewe akanyanyua kipaza sauti. "Unasemaje?"

"Alipiga asubuhi! Wa Juu alipiga asubuhi! Maji yanafika sasa!"

Mkono wenye kipaza sauti ukashuka. Ukapanda tena, na swali lake likasambaa kingo zote mbili za mto, kila mtu alisikia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisahau!"

Bila kipaza sauti neno lile lilitoka dogo. Mkewe aligeuka, akawaelekeza watu wake kwenye mwinuko wa upande ule, akamshika mkono mama mmoja mjamzito, wakaanza kukimbia. Wembe naye akageuka. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za mlimani kishindo kilipofika, kama malori mengi yanayomwaga mawe kwa pamoja. Aliposhika ukuta wa shule na kuangalia nyuma, daraja halikuwepo. Duka lake halikuwepo. Palipokuwa na kibanda cha Fundi Redio palikuwa panapita mti mzima, na mizizi yake.

Mpaka giza lilipoingia, sauti ya mkewe ilisikika kutoka ng'ambo, ikiwataja watu wake kwa kazi zao na kwa jamaa zao, ili wa upande huu wajue nani amepona. Hakumtaja mumewe.

Fundi Redio alipatikana maji yalipopungua, chini kabisa kwenye matete. Aliyekufa alikuwa yeye tu. Watu wa ofisi waliokuja na maturubai walirudia rudia kwamba ni mmoja tu, safari iliyopita walikuwa wengi mno, na walisema hivyo kwa furaha, mbele ya mjane wake.

Mkewe Wembe alivushwa na boti ya waokoaji. Homa ilikuwa imemwacha, imeondoka na nyama za mashavu. Alimkumbatia binti yake, akamwamkia mama mkwe, akaja kuketi kwenye godoro la mumewe ndani ya darasa walilopewa pamoja na familia nyingine.

"Pole na safari," Wembe akasema.

"Nimeshapoa."

Watu walikuwa wanapita. Mkewe akatoa simu, akaifuta kioo kwa pindo la nguo.

"Namba ya kituo nimeshaifungua," akasema.

Basi. Hakuuliza imefungwaje. Simu haijifungii namba yenyewe, walijua wote wawili. Wembe alingoja ukelele, matusi, machozi, kitu chochote ambacho angeweza kukijibu. Mkewe akajilaza upande, akamgeuzia mgongo, akalala.

Baada ya majuma machache ukaitishwa mkutano wa tathmini katika ukumbi wa shule. Walikuja wataalamu wa wizara, wa nchi ya juu, na wengine kutoka mbali pamoja na mkalimani wao. Wakazi walijaza madawati. Mjane wa Fundi Redio alikaa safu ya mbele, si kwa kujitakia. Walimpisha akakosa pengine pa kukaa.

Na Wa Juu alikuwepo. Wembe alikuwa ameshamchora kichwani mara nyingi: mrefu, kifua mbele, saa inayong'aa. Aliyeingia alikuwa mtu wa makamo, mfupi, koti limempwaya, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Ilisemekana kituo chake kilichukuliwa na maji, yeye akalala juu ya mnara wa mitambo mpaka kesho yake, akiwa bado anajaribu kupiga simu. Mke wa Wembe alimwendea, akampa mikono yote miwili.

"Dada," yule bwana akasema.

Wembe aliwatazama kutoka nyuma. Ilikuwa imetosha, mtu angedhani. Duka limekwenda, rafiki amekwenda. Lakini ile mikono miwili ilimchoma vile vile, na alijichukia kwa kuwa ilimchoma.

Mwanamke mmoja wa kigeni, mvi kichwani, alibandika ukutani karatasi kubwa yenye mstari unaopanda na kushuka. Akaeleza, mkalimani akafuata. Hapa mvua ilianza. Hapa satelaiti iliiona. Hapa maji yalipita mstari mwekundu kwenye kituo cha juu, na hapa, dakika ile ile, simu ilipigwa. Kisha kidole chake kikasafiri mbali sana kwenye karatasi, mahali ambapo hapakuandikwa kitu, mpaka kilipofika kwenye alama nyingine. Hapa wakazi waliambiwa.

"Mitambo yote ilifanya kazi," mkalimani akasema. "Nchi zote ziliambiana. Anauliza, hapa katikati palitokea nini?"

Dalali akainamia viatu vyake.

"Simu ilipokelewa," Wa Juu akasema kwa upole, bila kumtazama mtu. "Halafu ikakatika."

Mwenyekiti akamgeukia mke wa Wembe. "Mama Kipimo?"

Mkewe alisimama. Aliitazama ile karatasi hata watu wakaanza kujisogeza kwenye madawati. "Mtandao wa kwetu unasumbua," akasema, akaketi.

"Hitilafu ya mtandao," mwenyekiti akasema kwa nafuu kubwa. Mwanamke wa kigeni akachukua chaki, akaandika maneno hayo ubaoni kama alivyotajiwa, na mazungumzo yakaanza kwenda mbio: mnara mpya ujengwe, juu ya mlima, nchi fulani inaweza kutoa vifaa, nyingine mafundi. Watu walichangamka. Wembe akawasikiliza wakiujenga ule mnara, mrefu, wa chuma, wa kuziba kosa ambalo halikuwa la mtandao. Aliwaza: utasimama pale, na siku nyingine simu italia vizuri kabisa, katika mfuko wa mtu kama mimi.

Alijikuta amesimama.

"Futeni hilo," akasema. "Mtandao ulikuwa mzima. Hapo katikati ni mimi."

Mwenyekiti alitaka kumkalisha. Wembe hakukaa. Alieleza yote, na hakutia chumvi wala hakuipunguza: homa ya mkewe, simu mfukoni, alichoambiwa, alichojibu, alivyoifungia namba, na lile neno "sasa hivi". Mkalimani alikuwa akikimbizana naye kwa sauti ya chini. Alipomaliza, mwanamke wa kigeni aliuliza kitu kifupi.

"Anauliza sababu," mkalimani akasema.

"Wivu."

Mkalimani akalitamka neno hilo kwa lugha yao, na hapakuwa na mtaalamu hata mmoja aliyeomba afafanuliwe.

Mkewe alikuwa anatazama mbele, machozi yanamteremka na hayafuti. Wa Juu alikuwa ameufumbata mkono wake wenye bandeji kwa ule mwingine. Kisha dawati la safu ya mbele likagongagonga, na mjane wa Fundi Redio akanyanyuka. Wembe aliinamisha kichwa, tayari kwa lolote.

"Mume wangu alikuja kula mchana ule," mjane akasema. Hakuwa akimtazama Wembe. Alikuwa akiongea na ile karatasi ukutani. "Alinisimulia jinsi kinyozi alivyomtolea uvivu Wa Juu. Aliigiza na sauti. Tulicheka. Nikamwambia na mimi, afadhali, mwanamke yule alishaanza kujiona." Akavuta pumzi. "Nilifurahi. Mimi niliyegawiwa chumvi na yeye kila siku, nikaazimwa hata mwavuli, nilifurahi amekatiwa simu. Sasa mkimwandika huyu, niandikeni na mimi."

Mwanamke wa kigeni alikuwa amesimama karibu na ubao, chaki mkononi, anasubiri atafsiriwe.